Siku Ishirini na Nane za Sista Nakolong

Ukiuliza mtaani Wabera, mjini Isiolo, ni nani anayejua kudunga mtoto sindano bila kumliza, utaelekezwa kwa Nakolong. Watu humwita sista, ingawa hajawahi kuwa mtawa na wala hana dalili. Ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mrefu, mcheshi, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara na mikono ambayo huwa mipole ghafla ikimshika mgonjwa. Babu yake alikuja Isiolo kwa miguu kutoka Turkana mwaka wa njaa, akakaa. Yeye alizaliwa hapahapa, akacheza na watoto wa Kiborana mpaka lugha yao ikamkaa mdomoni kabla ya Kiswahili. Kwa miaka kumi na mmoja amefanya kazi katika zahanati ndogo ya mtaani ambayo jina lake halina haja hapa, maana yaliyotokea pale yangeweza kutokea popote.

Lakini kuna jambo moja ambalo chuo cha uuguzi hakikumfunza, akafunzwa na wazee wa mji. Mzee wa Kiborana akihudumiwa hashukuru kwa mdomo tu. Hunyoosha mkono, nawe unaupokea na kuubusu, naye anaubusu wako, mnabarikiana. Na mkono wa mzee hauachwi ukining'inia hewani. Thubutu uuache, utasikia habari zako soko la mifugo kabla hujavua koti la kazi.

Kwa hiyo pale zahanati walikuwa na mtindo wao. Sindano ikitoka tu mwilini mwa mgonjwa, wanairudishia kifuniko upesi kwa mikono miwili, wanaiweka mezani, na mkono wa kulia unabaki huru kupokea baraka. Sanduku la kutupia sindano lilikuwa nyuma ya mlango, hatua nne, kwa sababu mahali pake kando ya meza palikuwa pamewekwa kiti cha wagonjwa. Kila mtu alijua kwamba kurudishia kifuniko ni marufuku. Bango la ukutani lilisema hivyo, na aliyelibandika ni Nakolong mwenyewe. Mazoea yana taabu.

Siku hiyo ilikuwa Jumanne asubuhi, na aliyekaa kwenye kiti kile alikuwa Kabale, bibi wa Kiborana wa miaka sitini na kitu, mjane, ambaye kila mwezi huja kupimwa presha. Safari hii alikuwa amekanyaga mwiba wa mgunga akitafuta mbuzi wake, na ilibidi apewe chanjo ya pepopunda. Nakolong humwita Akko, yaani nyanya, na Kabale naye humsalimia "Ejok" kwa Kiturkana, akiitamka vibaya makusudi ili wacheke.

"Imeisha, Akko. Hata hujasikia."

"Nilisikia kidogo tu, kama kuumwa na chungu," Kabale akasema, na papo hapo mkono wake ukanyooka.

Nakolong aliuona ule mkono na akaharakisha. Kifuniko kikakosa ncha, sindano ikaingia kwenye kidole chake cha shahada cha kushoto, ikapenya glavu, ikafika nyama. Hakupiga kelele. Alificha kidole ndani ya ngumi, akapokea mkono wa bibi kwa kulia, akaubusu, akabarikiwa kikamilifu, akamsindikiza mpaka mlangoni akitabasamu. Kabale akapanda boda, akaenda zake. Hapo ndipo Nakolong alipovua glavu na kuliona tone la damu.

Aliosha kidole kwa sabuni chini ya bomba, bila kukikamua, kama alivyowafundisha wengine mara ngapi. Kisha akaanza kujishauri, na ushauri wake haukuwa wa kusifiwa. Bibi mzee kama yule atakuwa na nini? Nikisema, wataniuliza kwa nini nilirudishia kifuniko. Mganga hajigangi, na sista wetu naye alikuwa anataka kujiganga kwa kunyamaza. Kilichomwokoa ni maziwa. Saa nne kifua kilimjaa, akamkumbuka Ekuam, mtoto wake wa miezi saba ambaye alikuwa hajaacha ziwa hata usiku mmoja. Akatoka, akamtafuta Kaimenyi.

Kaimenyi ni Mmeru, ndiye daktari wa zahanati na msimamizi wake, mtu mwema mwenye ulimi usio na breki. Alimgombeza dakika mbili, akajaza fomu, akampima damu, ikaonekana safi, kisha akampeleka yeye mwenyewe kwa pikipiki hospitali kubwa kuchukua dawa za kuzuia virusi vya ukimwi. Kidonge kimoja kila siku, siku ishirini na nane, bila kuruka.

"Na mtoto?" Nakolong akauliza.

"Endelea kumnyonyesha, dawa haitamdhuru. Lakini yule mama tungempima. Akiwa hana kitu, hizi dawa unaacha siku hiyohiyo."

"Utampima aje? Amesharudi kwake."

"Si umwendee? Ni rafiki yako."

Kusema ni rahisi. Kaimenyi hakujua alichokuwa anakiomba, au alijua akajifanya hajui. Binti wa Kiturkana aende kwa bibi wa Kiborana, mama wa watu, mwanamke wa swala tano, amwambie, Akko, naomba nijue kama una ukimwi! Hata kama zahanati ingekuwa na dawa ya kutibu tusi, hilo lisingepona.

Basi akameza dawa, na dawa zikamtesa. Wengine huzimeza kama njugu, yeye zilimtapisha. Siku ya nne alitapika kabla hajavaa viatu. Siku ya sita maziwa yalipungua na Ekuam akalia akivuta ziwa lisilotoa. Kila alipomweka kifuani moyo wake ulisema maneno ambayo hakumwambia mtu: labda namnywesha ugonjwa. Alijua hesabu, alijua kwamba sindano mia tatu za namna ile haziwaambukizi hata watu wawili. Hesabu hazimsaidii mama aliyeshika mtoto. Jioni ya siku ya saba alimwambia mumewe, Emuron, kwamba ameamua kuziacha.

Emuron ni fundi wa magari, si mtu wa maneno mengi. "Kabla uache, uliza yule mama," akasema. "Akikutukana, si matusi tu?"

Kesho yake, baada ya kazi, Nakolong alikwenda. Kabale anaishi kwa mwanawe Galgalo, mfanyabiashara wa ng'ombe na mjumbe wa kamati ya msikiti, katika nyumba ya mabati yenye uwanja uliofagiwa vizuri. Alimkuta bibi jikoni na mke wa mwanawe, Lul. Akakaribishwa chai ya maziwa ya ngamia. Aliinywa yote, akazungumzia mvua, akazungumzia bei ya mbuzi, akauliza mguu umeponaje. Kikombe kilipokauka hakuwa na pa kujificha tena.

"Akko, nina shida, na ni aibu kuisema."

Kabale akamtazama kidogo, kisha akamgeukia Lul. "Mama, sukari imeisha. Nenda dukani." Sukari ilikuwepo, kopo zima, na Lul aliliona. Akaenda.

Nakolong akaeleza yote: sindano, kidole, dawa, mtoto. Alipofika kwenye kupimwa sauti yake kubwa ikakonda ikawa ya mtoto wa shule. "Si kwamba nakufikiria vibaya. Ni ili nijue kama naweza kuacha hizi dawa."

Bibi hakukasirika. Aliinuka, akaingia chumbani kwake, akafungua sanduku la nguo, akatoa chupa nyeupe ya plastiki kutoka ndani ya shuka lililokunjwa, akarudi nayo akaiweka kwenye mkeka. Nakolong aliijua. Ilikuwa kama yake.

"Miaka tisa," Kabale akasema. "Baba ya Galgalo aliniachia hii akakufa. Mimi huchukulia Meru. Hawa wote wanajua naenda Meru kwa daktari ya macho." Akacheka kidogo bila sauti. "Daktari ya huko anasema virusi yangu imeshuka mpaka mashine haiioni. Kwa hivyo usiogope sana. Lakini dawa usiache. Hata kama unatapika. Umesikia?"

"Nimesikia, Akko."

"Hakuna mtu alikuwa anajua. Galgalo hajui. Sasa wewe unajua, kwa sababu ya huyo mtoto yako."

Nakolong alilia, wala hakujificha. Alimpenda mwanamke yule mahali pale, kwa upendo ambao haukuuliza kabila wala dini, na alimwonea huruma kwa miaka yote tisa ya macho yasiyouma.

"Kaimenyi ataniuliza umesema nini," akasema baadaye akijifuta.

"Sema nimekataa kupimwa. Mimi ni mzee, wataniita kichwa ngumu tu."

Ndivyo alivyosema, na ndivyo fomu ilivyoandikwa. Nakolong alimeza dawa zake mpaka siku ya ishirini na nane, akijifunza kula uji kwanza ili zikae tumboni, na maziwa yakarudi kidogo kidogo. Zahanati ikahamisha kiti, sanduku likawekwa mahali pake kando ya meza. Alipimwa baada ya wiki sita, akapimwa tena baada ya miezi mitatu, akatoka salama, na Ekuam wakati huo ameshaota meno na kumng'ata.

Wiki ileile Kabale alikuja kupimwa presha. Benchi la wagonjwa lilikuwa limejaa. Kaimenyi alipita na faili mkononi, akamwona kwa mara ya kwanza tangu kisa kile, na ule ulimi wake usio na breki ukaondoka.

"Ah, mama! Wewe ndiye ulikataa kutusaidia. Sista wetu aliumwa mwezi mzima kwa sababu yako, kupimwa tu kulikushinda?"

Benchi zima likamgeukia bibi. Mwanamke mmoja akaguna, mwingine akasema wazee wa siku hizi hawana huruma. Kabale alikunja ncha ya shungi lake kwenye kidole, akamtazama Kaimenyi usoni.

"Ndiyo," akasema. "Nilikataa."

Nakolong alisikia akiwa mezani. Neno moja tu lingetosha kumtetea, na neno hilohilo lingemwangamiza. Alisimama, akapita katikati ya watu, akamwinua bibi kwa kiwiko.

"Mwache mama yangu, Kaimenyi," akasema, kwa ile sauti yake ya ng'ambo ya barabara. "Huyu nitampima mimi."