Kazi Ileile, Pasipoti Nyingine

Yule bwana hakuniuliza nimesomea wapi uuguzi, wala nimeufanya miaka mingapi. Aliuliza pasipoti yangu ni ya nchi gani. Nilipomjibu ya Kanada, alilisogeza kando faili lililokuwa mbele yake, akafungua jingine lenye karatasi nzito.

Tulikuwa hotelini karibu na uwanja wa ndege wa Toronto, ambako alikuja kuajiri wauguzi wa hospitali kubwa ya nchi moja ya mafuta, huko Ghuba. Nilitoka nyumbani Downsview kwa basi, viatu vya kazini mguuni, maana nilikuwa na zamu mchana. Tamaa haikukosekana, sisemi uongo. Lakini hasa nilikwenda kwa sababu hospitali ile naijua. Nilifanya kazi pale miaka minane kabla sijahamia huku, nikiwa na pasipoti ya nyumbani Afrika Mashariki, na nilitaka kuona watanipokea vipi safari hii.

Walinipokea kwa kahawa na tende.

Hospitali yenyewe imejengwa kwa mafuta, tangu msingi hadi paa. Ukumbini ni marumaru tupu. Lakini mshahara, nyumba, hata likizo, vyote hupimwa kwa pasipoti: Wazungu juu, halafu Waarabu wa nchi jirani, halafu Wafilipino, na chini kabisa sisi. Kazi ni ileile, na mgonjwa akitapika anamtapikia yeyote aliye karibu. Adhuhuri tulikuwa tukisimama safu moja chumba cha kuswalia, bega kwa bega, imamu akituhimiza tusiache nafasi katikati. Tukishatoa salamu, kila mtu na daraja lake. Hilo liliniudhi kuliko mshahara. Madrasa nilifundishwa, tena kwa fimbo, kwamba mtu hamzidi mwenzake isipokuwa kwa uchamungu. Wakubwa wa nchi ile walifundishwa hayohayo. Utajiri ulipowajia, somo likabaki la maskini.

Aliyenipokea kule mara ya kwanza ni dada mmoja wa pwani ya kwetu, amenizidi miaka kumi. Si ndugu yangu wa damu, ila mpaka leo namwita dada. Alikuwa wodi ya figo, kwenye mashine za kusafisha damu, na hakuna mshipa uliowahi kumshinda. Madaktari wakikwama na mkono wa mzee uliokwisha chomwa kila mahali, wanamwita yeye. Ndiye aliyenifundisha kuusikiliza mshipa kwa kidole kabla ya kuugusa kwa sindano. Alifundisha wengi, na baadhi yao, kwa nguvu ya pasipoti tu, wakawa wasimamizi wake hata kabla hajamaliza kuwafundisha.

Baba yake alipofariki, msimamizi alikataa kumtilia saini ruhusa. Pasipoti zetu zilikaa ofisini kwa mwajiri, kwa hiyo bila saini ile huendi popote. Tulikwenda wawili kwa afisa wa serikali yetu aliyekuwa kule. Akatupa chai. Akasema, "Poleni sana, wadogo zangu. Lakini msituharibie uhusiano. Hawa watu wanatujengea barabara." Dada hakumzika baba yake. Barabara ilijengwa kwetu, nimeipita, nzuri tu. Kila nikiipita natukana.

Sasa yule bwana wa hotelini akanisomea kazi niliyopewa: msimamizi wa wodi ya figo. Wodi ya dada, ambaye bado yuko palepale. "Wengi ni wa kutoka kwenu," akasema kwa furaha, "mtaelewana." Nikamuuliza, ningekuja na pasipoti yangu ya zamani, angenipa kazi hiyo? Akacheka kistaarabu. "Hao hawapitii kwangu. Wana ofisi yao."

Damu ilinichemka. Vyeti vyangu ni vilevile na mikono ni ileile. Kilichoongezeka ni kijitabu nilichopewa baada ya kula kiapo na kuimba wimbo wa taifa nisioujua vizuri. Niliuchukua mkataba alionipa nikiwa na nia ya kuuchana mbele ya dada, kwenye simu ya video, aone kuwa sijamsahau.

Jumamosi asubuhi nikampigia, nikamweleza yote kwa sauti ya juu. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Umeshasaini?" akauliza.

"Nisaini nini, dada? Nije nikuamrishe wewe?"

"Njoo uniamrishe."

Nikauweka mkataba mezani.

"Mama kapooza upande mmoja tangu Idi," akasema. "Ananiulizia kila siku. Nimeomba ruhusa mara mbili, msimamizi kakataa mara mbili. Sasa anaondoka, na nafasi yake ndiyo hiyo wanayokupa. Heshima yangu niachie mwenyewe, mdogo wangu. Wewe njoo utie saini."

Binti yangu, mwanafunzi wa chuo kikuu, alikuwa mezani anakunywa chai. Kiswahili anakisikia chote, kukijibu ndiyo hataki. "Mom, you can't work for those people," akasema.

"Nimemsikia," dada akasema. "Mwambie ana haki. Halafu njoo."

Nilisaini siku ileile. Kwa hasira niliyokuwa nayo, kalamu ilitoboa karatasi.

Wiki mbili baadaye wakubwa wa Kanada wakasema jambo hadharani kuhusu watu waliofungwa kule bila kesi. Maneno yenyewe yalikuwa ya haki, siyakatai. Nchi ile ikanuna. Wanafunzi wake waliokuwa huku wakaamriwa kufunga mizigo, na mikataba ya sisi wenye pasipoti ya Kanada ikasimamishwa. Yule bwana aliniandikia mistari miwili, hata pole hakutia. Lakini sikusikia meli hata moja ya mafuta iliyogeuzwa njiani. Waligeuzwa watoto wa shule na wauguzi. Serikali zikigombana hivyo, zinagombana kwa kutumia watu ambao hawatakaa hata siku moja kwenye meza zao, na kesho zitapatana bila kutuambia.

Nikampigia dada. Nilidhani atalia.

"Basi leo tumekuwa sawa," akasema, akacheka kidogo. Kisha akaniuliza kama namjua muuguzi yeyote wa figo mwenye pasipoti ya nchi ambayo hawajagombana nayo, aje kutia saini badala yangu. Nilingoja aseme anatania. Hakusema.

"Yupo mmoja zamu yangu," nikamwambia, "ana pasipoti ya Ulaya na anatafuta kazi nje. Lakini, dada, hata mshipa ulio wazi unamshinda."

"Mlete," akasema. "Nitamfundisha."