Mwaka Shamba la Mama Lilipogeuka Viwanja

Mama alikuwa akilima maharage, lakini nikilikumbuka shamba lile kinachonijia kwanza ni kumbikumbi. Katikati ya shamba palikuwa na kichuguu kirefu kuliko baba. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi walitoka humo kama moshi, nasi watoto tulikimbia na mabeseni, tukiwala wengine wabichi kabla ya kufika jikoni. Shamba lilianzia kando ya barabara iendayo Lukole, likateremka hadi kwenye migomba, na chini ya migomba ndipo palipokuwa na chemchemi yetu. Maji yake yalikuwa baridi hata wakati wa kiangazi.

Kisha wakimbizi wakaja kutoka ng'ambo ya mpaka. Kambi zikajengwa, na nyuma yake wakafuata madereva, wauguzi na wafanyabiashara, wote wakitafuta vyumba vya kupanga. Majirani wakaanza kujenga. Siku moja tukiwa tunakula, baba akasema, "Nataka kukata viwanja pale juu."

Mama akaacha kula. "Pale juu ndipo tunapokula sisi."

"Tutajenga vyumba vya kupangisha. Chakula tutanunua sokoni."

"Na hao wa sokoni watalima wapi, kama kila mtu anajenga?"

Baba akaendelea kula. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka tusome, na jembe halikuwa limemsomesha mtu yeyote katika ukoo wake.

Kichuguu ndicho kilichotangulia kuondoka, kwa sababu udongo wake ulifaa sana kwa matofali. Miti ya mlimani ikakatwa kuchomea tanuri. Baada ya muda mfupi palikuwa na mabati yanayong'aa pale palipokuwa na maua ya maharage, na uwanja uliofagiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu. Mimi, kusema kweli, nilifurahi. Wapangaji walikuwa na redio, na jioni nyumbani kwetu kulichangamka.

Mvua kubwa iliponyesha, ardhi ile haikunywa maji tena. Yote yaliyotoka kwenye mabati yakakutana uani, yakashuka kwa pamoja na kupita katikati ya migomba. Asubuhi tulikuta nyasi alizozitandaza mama mashinani zimechukuliwa, migomba kadhaa imelala, na korongo jipya ambalo sikuweza kulivuka. Chemchemi ilikuwa imejaa matope mekundu. Mama alisimama pale na ndoo tupu.

Miongoni mwa wapangaji alikuwemo mwanamke wa familia ya wafanyabiashara Waislamu kutoka Biharamulo mjini, aliyekuwa akiuza vitenge. Alishuka na kanga yake kichwani, viatu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeona nyumba zenu zilivyonifanyia?"

"Nimeona. Ndiyo maana nimekuja. Nipe jembe."

Mama akamtazama, kisha akampa. Siku ile walipanda matete kulikatiza korongo ili yashike udongo, yule mpangaji akiteleza kwenye matope na kucheka mwenyewe, hadi mama naye akacheka. Baba aliwakuta wakiwa hivyo. Aliangalia migomba iliyolala, akaenda kuleta sururu, akachimba mtaro nyuma ya nyumba kugeuza maji. Mpangaji akanunua mapipa akayaweka chini ya paa la chumba chake, na wenzake wakamwiga. Kiwanja cha mwisho, ambacho kilikuwa bado hakijajengwa, baba alikirudisha kwa mama bila maneno mengi.

"Panda unachotaka," alisema tu.

Korongo halikuendelea kukua. Chemchemi nayo ilisafika, lakini haikurudi kuwa ile ya zamani. Kila kiangazi ilikauka, na ndoo zetu zikaanza kwenda mbali, hadi bondeni ambako kila kaya ya pale ilikuwa imepanga foleni. Wale kumbikumbi sikuwaona tena nyumbani.

Miaka ikapita, kambi zikafungwa, wapangaji wakaondoka mmoja mmoja. Mwanamke wa vitenge alipoaga, mama alimfungia ndizi za kupeleka Biharamulo, wakashikana mikono muda mrefu pale barabarani. Vyumba vikabaki vitupu, popo wakaingia.

Baba alipozeeka alibomoa nyumba moja, akamwambia mama ajaribu kulima tena pale. Nilikuwa nimekuja likizo, nikashika jembe. Lilikuwa likigonga vipande vya tofali kila nilipolishusha. Tuliokota vipande hivyo, tukamwaga samadi, tukapanda. Maharage yaliota ya manjano, mafupi, yakazaa kidogo sana. Mama aliyapika yote kwa mara moja, akatuita sote mezani, na baba akaomba aongezewe.