Bi Msumari Akataa Kutia Saini

Jina la Bi Msumari hakupewa na wanafunzi. Walimu wenzake ndio waliolianzisha, mwaka ule aliposimama kikaoni akasema fimbo haitaingia darasani mwake. Alipolisikia alicheka. "Afadhali msumari kuliko mpira wa kupigwa teke."

Muhula wa mwisho, mwalimu mkuu akamwekea mezani orodha ya wanafunzi ambao wangezuiwa kufanya mtihani, warudie darasa, wasije wakaishusha shule. Katika darasa la Bi Msumari lilikuwamo jina moja tu: binti wa fundi viatu.

"Tia saini tu, mwalimu. Huyo ni mzigo."

"Mzigo wa nani? Anayembeba ni mimi, na mabega yangu hayajalalamika."

"Sayansi kapata kumi na moja! Sikukuita tubishane."

"Basi tusibishane. Sitii saini."

Akaiacha kalamu palepale, akatoka.

Ofisini ilijulikana kwamba fundi viatu hajali: ameitwa kwa barua tatu, hakutokea. Bi Msumari hakwenda na barua. Alasiri alifika kibandani kwake, akavua kiatu kilicholegea kisigino, akaketi kwenye kigoda, mguu mmoja peku. Wakaongea habari za ngozi na gundi, mpaka yule baba akafunguka mwenyewe.

"Niliwahi kuja shuleni, mwalimu. Nikapewa karatasi niisome mbele ya wazazi wote. Mimi herufi sizijui. Watu wakacheka, na mwanangu yuko mlangoni anatazama." Akakata uzi kwa meno. "Nikasema, mimi na shule basi."

"Kosa lilikuwa letu, baba. Nimekuja kukuuliza jambo moja. Mtoto akiwa nyumbani, anapenda nini?"

Uso wa fundi ukakunjuka. "Huyo? Ananisomea magazeti yote ninayofungia viatu. Ngozi anaikadiria kwa macho, mimi nikikosea ananikosoa."

"Sasa sayansi inamshindaje?"

Fundi akashusha sauti. "Mwalimu wake alimwita kichwa maji. Tangu hapo, hata jibu akilijua analimeza."

Hilo lilimchoma Bi Msumari, kwani mwalimu wa sayansi alikuwa rafiki yake. Miaka tisa walikuwa wakigawana meza moja na kopo moja la sukari. Hakumpeleka kwa mkubwa. Alimfuata maabara, akamkuta peke yake akisuuza chupa.

"Kaka, umemvunja mtoto kwa neno moja."

"Kichwa maji? Si ulikuwa mzaha!"

"Mzaha wa mwalimu mtoto haucheki. Anauamini."

Mwalimu wa sayansi akafura. "Siku hizi unanifundisha kazi?"

"Leo, ndiyo."

Siku nne hawakusemezana. Kila mtu alikunywa chai akitazama ukuta wake. Siku ya tano mwalimu wa sayansi akamwita yule binti mbele ya darasa. "Nilikosea kukuita vile," akasema, akampa chupa ya maji machafu. "Hebu tuonyeshe yanachujwaje." Binti akayachuja, maji yakatoka safi, na maelezo akayatoa mwenyewe, neno kwa neno.

Mkutano wa wazazi ukafika. Mwalimu mkuu alikuwa bado anasoma orodha yake kwa sauti, jina la binti likiwamo, fundi viatu aliposimama nyuma, aproni ya kazi ikiwa bado kiunoni.

"Kusoma sijui, na mlinicheka hapahapa. Lakini kusikia nasikia. Mwanangu atafanya mtihani."

Bi Msumari akaenda kusimama ubavuni pake. Mwalimu wa sayansi akafuata, akikohoa kwa haya. Kisha wakaanza kuinuka wazazi wengine, hata wale ambao watoto wao hawakutajwa. Mwalimu mkuu akawatazama, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Binti alifaulu, si kwa kishindo, lakini alifaulu. Bi Msumari naye hakusamehewa. Mwaka uliofuata alinyang'anywa darasa la mtihani, akapewa darasa la kwanza, watoto sabini na wawili wasiojua hata kushika penseli.

"Huko utapumzika na ubishi wako," mwalimu mkuu akamwambia.

"Watoto sabini na wawili, mkuu, wote wana kwao. Nitabisha hodi kila nyumba."

Jumatatu ya kwanza ya muhula, kengele ya kutoka ilipolia, alianza na nyumba iliyotazamana na lango la shule.