Mbwa Aliyetembea Mbele

Mwaka 2013, kabla sijahama Lodwar kwenda kufanya kazi kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, meneja wa makao ya wafanyakazi kule alinitumia karatasi. Mbwa angeruhusiwa kuishi nami ikiwa tu anatembea vizuri kwa kamba. Asiyejua kamba abaki nje ya lango, na nje ya lango mbwa wazururaji walikuwa wakipigwa risasi. Nilikuwa na wiki tatu, na mtoto wa mbwa ambaye hakuwahi kufungwa hata siku moja.

Nilikasirika kabla sijamaliza kuisoma. Niliandika kuuliza sababu: mbwa asiyeng'ata, asiyepotea, kamba ni ya nini? Nikajibiwa kwa Kiingereza kizuri kwamba huo ndio utaratibu. Chuoni tulizoea kudai hoja. Kazini nilikuta mihuri.

Basi nikanunua kamba sokoni. Nilikuwa nimesoma kwenye simu kwamba unasimama mbele ya mbwa, unamwita, unampa kitu kitamu. Nilitumia samaki mkavu wa Kalokol, kule ziwani. Alikula samaki, akakaa. Nilipovuta, alilala kifudifudi, na nikaburuta tumbo lake mchangani hadi mlangoni huku nikimtukana kwa lugha mbili.

Mama mwenye nyumba alikuwa akitoa mbuzi wake zizini. Alisimama kutazama, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, ofisa. Hiyo mbwa imefanya kosa gani?"

"Namfundisha kutembea, mama."

"Kwani alikuja hapa na gari?"

Sikucheka. Nilimweleza habari ya karatasi. Alisikiliza, kisha akanyoosha fimbo yake kuelekea mbuzi waliokuwa wakishuka kwenda mtoni.

"Nani anatangulia mbuzi? Ukisimama mbele unavuta, mnyama anajua unampeleka kwa kisu. Kaa nyuma. Yeye anaona njia, wewe unaona yeye."

"Mbona ngamia mnavuta kwa kamba?"

"Ngamia ni mtu mzima. Huyu ni mtoto. Wewe kila kitu ni mbona, mbona."

Nilifanya alivyosema ili nimwonyeshe kwamba amekosea. Nikarudi nyuma ya mbwa, nikalegeza kamba, nikasubiri. Alinigeukia mara mbili. Halafu akainuka, akaenda. Baada ya wiki moja alikuwa akikata njia katikati ya vichaka vya miiba vya mathenge hadi ukingo wa mto Turkwel, mkia juu, kamba imelegea kati yetu, mimi nikimfuata kama mchungaji wa mbuzi mmoja. Mama alinipigia kelele kutoka uani, "Sasa umepata mifugo! Tafuta mke!" Nilijivuna. Niliamini nimemaliza kazi.

Tulifika Kakuma saa tano asubuhi, mifupa inauma kwa ile barabara. Nje ya lango wakimbizi walikuwa kwenye foleni ya ofisi, wengi wao wa Sudan Kusini, jua likiwawakia utosini. Meneja alitoka na fomu yake. Nilimshusha mbwa, nikakaa nyuma yake, naye akaelekea langoni bila wasiwasi wowote.

"Hapana," meneja akasema. "Mbwa hamtangulii mtu. Atembee ubavuni mwako au nyuma."

"Karatasi ilisema kwa kamba. Kamba si hii?"

"Ndugu, mbwa akiwa mbele, nani anamwongoza mwenzake?"

Nilikuwa na jibu refu na zuri. Sikulitoa. Gari lilikuwa linageuza kurudi Lodwar bila nafasi, askari alikuwa anatazama bunduki yake, na mbwa wangu alikuwa upande wa nje. Nikapita mbele. Nikamwita. Akakaa.

Nikavuta. Mwanamke mmoja kwenye foleni akasema kwa sauti, "Ustadhi, mwache, huyo ana akili kukushinda!" Watu wakacheka. Kicheko kile kilinipanda kichwani. Nilizungusha kamba mkononi mara mbili nikamvuta kwa nguvu ambayo sikujua ninayo. Alilia mlio mmoja mwembamba, kucha zikichora mchanga. Mwanamke yule akageuza uso. Nikavuta tena. Mara ya tatu aliinuka, akanifuata kichwa chini, akapita lango.

"Umeona?" meneja akasema, akitia sahihi. "Wote hujifunza."

Ningempiga ngumi. Badala yake nilisema asante. Asante! Hadi leo neno hilo linanichoma kuliko matusi yote niliyowahi kutukanwa.

Kesho yake alitembea nyuma ya mguu wangu wa kushoto kama aliyezaliwa hivyo. Watu watatu walinipongeza kabla ya chai. Mmoja aliuliza nilitumia mbinu gani.

Jumapili nilimpeleka kwenye laga, mto mkavu ulio nyuma ya mji, ambako hakuna lango wala fomu. Nilifungua kamba kabisa, nikaitia mfukoni, nikapita nyuma yake nikasubiri, kama nilivyofanya Lodwar. Alizunguka akaja nyuma yangu. Nikazunguka tena. Akazunguka tena, kichwa chini, macho kwenye kisigino changu. Nilimsukuma taratibu kwa goti aende mbele. Alilala kifudifudi.

Tulikaa pale mchangani, jua kali, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie.