Mama Chupa na mwani uliokataa kuona njaa

Saa moja na robo asubuhi, Mama Chupa anaingia chumba cha mwani cha maabara kwa mara ya nne. Hajaitwa na mtu. Anazitazama chupa kumi na mbili chini ya taa, sita kushoto na sita kulia, anatoka, anafika katikati ya korido, anarudi.

Mlinzi anamsihi akae hata dakika mbili. Anajibiwa kwamba mwenye kutaka kukaa ni yeye. Mwandishi wa makala haya naye ameshaonywa: asiguse kitu, asiegemee meza.

Mama huyu ana miaka hamsini na sita. Kwa miaka kumi na miwili ameosha chupa za watafiti, na jina la utani lilikuja lenyewe. Siku hizi pia huchanganya chakula cha mwani, chumvi chumvi za kupima kwa kijiko kidogo. Mwani wenyewe si ule wa ufukweni. Ni mdogo kiasi kwamba tone moja la maji hubeba maelfu. Yeye huuita watoto, na hapo ndipo balaa lilipoanzia.

Daktari, mtafiti wa kike anayeweza kuwa binti yake, anataka kujua jambo moja: mwani ukinyimwa fosforasi, moja ya chumvi za chakula chake, usanisinuru wake unashuka vipi? Usanisinuru ni ile kazi ya mmea kujitengenezea chakula kwa mwanga, huku ukitoa oksijeni. Mama Chupa anaieleza vizuri kuliko vitabu.

"Jiko lipo, moto upo, ila mpishi hajala," anasema. "Siku ya kwanza anapika kwa mazoea. Ya pili anajikongoja. Ya nne anaiacha sufuria."

Basi chupa za kushoto hulishwa, za kulia hunyimwa. Lakini jaribio lilirudiwa mara tatu, kwa miezi saba, na mashine ya oksijeni ikatoa namba zilezile pande zote mbili. Wenye njaa walikuwa wanapiga kazi kama walioshiba.

Minong'ono ikaanza. Siku moja Daktari akamuuliza, nusu utani, kama huruma haijamponyoka mkononi akawalisha wa kulia. Korido nzima ikacheka, na yeye akacheka nao. Nyumbani hakucheka tena.

Jibu alilipata Jumamosi moja, akifua. Nyuma ya nyumba yake kuna mifereji miwili. Ule wa maji ya mvua kutoka batini ulikuwa safi. Ule wa maji ya kufulia ulikuwa umejaa utando wa kijani, mzito, unateleza.

"Nilisimama na ndoo mpaka mzee wangu akaniuliza kama nimeona nyoka," anasema.

Alikuwa ameiona sabuni. Miezi minane nyuma, sabuni ya zamani ya maabara ilimchubua vidole, akaamua kutumia ya maji anayofulia nyumbani, yenye povu jingi. Hakumwambia mtu, sabuni ni sabuni. Sasa aligeuza chupa ya sabuni hiyo akasoma maandishi madogo ya nyuma. Fosforasi ilikuwemo. Alikuwa akisuuza mara tatu, lakini kilichobaki, kwa viumbe wadogo namna ile, kilikuwa karamu.

Mumewe alimshauri abadilishe kimyakimya, nani atajua? Ushauri ulikuwa mtamu, anakiri, na Jumapili nzima aliuzunguka. Jumatatu akamwendea Daktari.

"Nikamwambia, mwanangu, ni sabuni. Na sabuni niliileta mimi."

 Daktari alitoka nje, akarudi macho mekundu, akasema wataanza upya. Mkuu wa maabara hakuwa mpole hivyo. Chupa za kulia zisiposhuka safari hii, alisema, kosa halitakuwa la sabuni tena, na Mama Chupa atarudi kufagia ngazi, kazi aliyoanza nayo. Chupa mpya zikaoshwa kwa tindikali na maji safi ya maabara, bila povu hata kidogo. Leo ni siku ya nne.

Saa mbili kamili Daktari anawasha mashine. Chupa ya kwanza ya kushoto inatoa thelathini na nane. Ya kwanza ya kulia inaanza na thelathini na moja, na Mama Chupa anashika ukingo wa meza ile ile mwandishi aliyokatazwa kuegemea. Daktari anasema mashine haijatulia, wasubiri. Namba inateremka polepole. Inagota kwenye tisa. Chupa inayofuata inatoa nane, nyingine kumi.

"Mama, wana njaa," anasema Daktari.

Mama Chupa anafurahi, kisha anaona aibu kwa kufurahi. Anajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ina glavu. Kufagia ngazi kumempita.

Kesho chupa tatu za kulia zitarudishiwa fosforasi, ionekane kama mwani utainuka. Ameomba chakula hicho akitie yeye, na afundishwe mashine ili apime mwenyewe. Daktari amekubali.

"Wakirudi nitaandika wamerudi," anasema, akivuta daftari. "Wasiporudi nitaandika hawakurudi. Hata kama nimewalea mimi."