Mama wa Michenga Aliyekuja Peke Yake

Likizo ya Juni nilijitolea kuandikisha watoto kwenye kambi ya kanisa, katika nyumba ya mafungo hapa Ifakara. Akafika mama mmoja wa kijiji cha Michenga, ambaye kila mwaka huja na bintiye na kutupikia.

"Shikamoo, mama. Binti yuko wapi nimwandike?"

Akatua ndoo ya mchele, akajifunga khanga upya.

"Marahaba, mwanangu. Tulimzika Kwaresima. Malaria."

Nikaweka kalamu chini. "Pole sana, mama. Si ungepumzika nyumbani?"

"Nyumbani napika chakula kingi, nasahau tumebaki wawili. Hapa hakitabaki."

Mchana aliwapakulia watoto huku machozi yakimtoka. Mmoja akauliza mama analia nini. Sisi watu wazima, wepesi wa majibu, tukamwambia ni moshi.