Siki ya Zabibu Kwenye Shavu Langu

Nyinyi wa rika langu, mliokimbia kwenda shule na miguu mitupu na slati chini ya kwapa, mnakumbuka vile ngozi yetu ilitunzwa? Haikutunzwa. Unaingia ziwani hapo Kendu Bay, unajisugua na dodoki, visigino unasugua na jiwe, ukitoka unapakwa mafuta ya ng'ombe mpaka nzi wanateleza. Urembo ulikuwa huo, kwisha. Unapita kwa watu unang'aa kama sufuria ya harusi, unajiona msichana wa maana.

Siku hizi mjukuu wangu Adhiambo amepanga chupa ndogo ndogo dirishani utafikiri ni zahanati. Ya asubuhi, ya jioni, ya chini ya macho. Hata kisigino kiko na yake. Juzi akanionyesha moja, ati ndani ni zabibu na siki nyeusi, ya kulainisha uso. Nikacheka. Halafu nikainusa, na kicheko kikakauka. Harufu hiyo naijua. Na mimi nimeogopa vitu vingi, kiboko wa ziwani, mwalimu wa hesabu, bata mzinga wa Mhindi, lakini hakuna kitu kiliwahi kunitetemesha kama harufu hiyo.

Mama yangu, watu walimwita Nyar Uriri kwa sababu aliolewa kutoka Uriri, alikuwa shemasi kanisani. Sisi ni Wasabato. Ikikaribia Sabato ya Meza ya Bwana, ile siku watu wanaoshana miguu kwanza, yeye ndiye alichemsha zabibu kavu kutoka duka la Mhindi, akakamua, akachuja kwa kitambaa cheupe. Nyumba yote inanukia utamu. Sisi watoto tunakaa mlangoni tunameza mate, na hakuna anayethubutu kuguza chungu hicho. Kaka yangu alisema ukilamba hata kijiko, ulimi unakauka kabla hujatamka neno. Mimi niliamini. Hata leo siwezi kukuambia kwa hakika ni uongo.

Mwaka mmoja, kabla tu ya uhuru, mvua ilikataa kuisha. Ziwa likapanda likala mashamba, barabara ikakatika, pasta akakwama ng'ambo. Meza ya Bwana ikaahirishwa. Maji ya zabibu yakakaa chunguni mpaka yakachacha, meusi, makali, yanakata pua. Kitu kilichochacha hakiwezi kwenda mezani kwa Bwana. Kunywa pia hatunywi. Na kumwaga, mama alisema, kitu kilichotengwa hakimwagwi ovyo ovyo kama maji ya kuosha omena, dagaa wetu wa ziwani. Akakitia kwenye chupa, akaweka juu ya kabati. Kwao Uriri walikuwa wakisafisha ngozi na maziwa yaliyoganda, kwa hiyo kitu kichachu kwake kilikuwa dawa.

Wakati huo huo, baka likatokea kwenye shavu langu. Jeupe, la mviringo, kubwa kama kifungo cha koti. Mimi nikaliona ni urembo. Tukicheza kora, ile ya kurusha vijiwe na kudaka, nilikuwa nageuza upande huo wenzangu waone.

Mama alipoliona, aliishusha ile chupa ya juu ya kabati. Aliponda zabibu, akachanganya na ile siki, akanikalisha nje kwenye kigoda, akanipaka. Wacha nikuambie, iliunguza. Iliunguza kama pilipili na moto vimeoana.

"Inakuwasha?" mama akauliza.

Sasa hapa lazima nikuambie juu ya dani, nyanya yangu mzaa baba. Dani alitolewa meno ya chini ya mbele akiwa msichana, desturi ya Wajaluo wa zamani, na hakutoa sauti. Hadithi hiyo tuliila pamoja na chakula chetu cha nyoyo kila wiki, mahindi na maharagwe na meno ya dani. "Mtoto wa mtu halii," alikuwa akisema. "Ukilia, kijiji kitakutungia wimbo." Na mimi nilitaka niwe kama dani, isipokuwa meno nibaki nayo.

"Hapana, mama," nikasema. "Sisikii kitu."

Nilingoja anisifu. Mkono wake ukabaki hewani na kitambaa, siki inadondoka kwenye goti lake.

Sikujua ukoma unaanza hivyo. Dhoho, kwa lugha yetu. Baka jeupe ambalo halisikii maumivu. Mama alijua. Kila jioni akaniongezea dawa, na kila jioni akauliza kwa sauti ndogo zaidi, "Inakuwasha, nyathina, mwanangu?" Na kadiri alivyouliza kwa upole, ndivyo nilivyojikaza. "Sisikii." Nilikuwa shujaa bwana. Kidogo kidogo kikombe changu cha bati kikafungwa uzi mwekundu, wengine wasikitumie. Nikalala blanketi langu peke yangu. Siku moja nikasikia mama akimwambia baba nyuma ya nyumba, "Wakimchukua, mimi namfuata huko huko." Baba alikuwa anapiga randa ubao ambao tayari ulikuwa laini.

Hapo ndipo woga uliniingia. Wanichukue wapi? Shuleni nikapata jibu. Bwana afya alikuwa anazunguka, mwenye kaptula ya kaki na pini kwenye kola. Anachoma watoto. Kuna msichana wa shule ingine alichomwa, akapelekwa kambi ya wagonjwa, mama yake akabaki anaita barabarani. Mimi na akili zangu za darasa la pili nikaelewa mambo yote: huyo msichana alilia. Ukilia unachukuliwa. Basi mimi sitalia.

Siku ikafika. Mstari mrefu, matope, harufu ya chaki na jasho. Mama alikuja, akasimama kando ya tanki la maji na nguo yake ya Sabato, na haikuwa Sabato. Magoti yangu yalikuwa yanagongana mpaka mwenzangu wa nyuma akaniambia, "We Achieng, unapiga ngoma?"

"Fumba macho," bwana afya akasema. Akachoma shavu. Nikanyamaza kama ukuta. Akachoma tena.

"Husikii?"

Kimya.

"Huyu akae kando."

Nikakaa kando. Nilimtazama mama, na uso wake ulikuwa umekuwa wa mtu simjui. Wengine wote wakapita. Halafu yule bwana akarudi kwangu, akachuchumaa.

"Hebu tena. Fumba macho. Usiongee. Nikikugusa, weka kidole hapo hapo."

Kuweka kidole si kulia. Dani hakuwahi kukataza kidole. Akachoma, nikaonyesha. Akachoma pembeni, nikaonyesha. Akaguza taratibu tu na ncha, nikaonyesha.

"Sasa mbona ulikuwa umenyamaza?"

"Mtoto wa mtu halii," nikamwambia.

Mwalimu akaangua kicheko. Bwana afya akarudisha pini kwenye kola, akamgeukia mama. "Mama, huyu ni ngozi kavu tu. Ugonjwa wake ni kiburi." Mama akakaa chini, kwenye matope, na nguo ya Sabato.

Tulienda nyumbani. Akanikalisha kwenye kile kigoda, akaleta chupa, akanipaka.

"Inakuwasha?"

"Inawasha."

"Sema tena."

"Inawasha, mama. Inaniunguza."

"Sema tena," na alikuwa analia na kucheka kwa mdomo mmoja. Nilisema mpaka dani akatoka kuuliza nani anachinjwa. Jioni hiyo uzi mwekundu ulikatwa.

Shule niliiacha darasa la tano, ama iliniacha, mpaka leo hatujaelewana. Baka lilienda lenyewe. Lakini woga ule haukuenda.

Juzi Adhiambo akanipaka hiyo dawa yake kwa ncha ya kidole. "Dani, tulia. Hii ni ya kisasa, haiwashi kabisa." Nikatulia. Nikasikiliza shavu. Hakuna kitu. Nikangoja, hakuna kitu, na magoti yangu ya uzee yakaanza ile ngoma. Watoto wa sasa wananunua dawa ili wasisikie. Sisi, kusikia ndiko kulitubakisha nyumbani.

"Niletee siki ya jikoni," nikamwambia.

"Dani, hiyo ni ya kachumbari."

"Leta."

Nikajipaka mwenyewe. Ikaniunguza mpaka machozi yakatoka. Adhiambo ananiangalia kama nimepata wazimu, na mimi nikasema kwa sauti, ingawa mwenye kuuliza alishazikwa zamani: inawasha, mama.